Mwalimu wa Kemia wa Kisiwani

Mke wangu na mimi tumefundisha kemia pamoja miaka yote ya ndoa yetu, na karibu miaka yote hiyo tumeifundisha kwa simu. Mimi nilikuwa Nyakato, mjini, kwenye shule ambayo ukifungua dirisha la maabara unasikia mashine za viwandani. Yeye alikuwa kisiwani, mbele ya Sengerema, kwenye shule ya kata ambayo ukifungua dirisha unaona dagaa wameanikwa mpaka karibu na goli la uwanja wa mpira. Watu wakiniuliza, "Mwalimu, unaishi wapi?" nilijibu Nyakato, lakini moyoni nilijua kwamba Nyakato nalala tu.

Alipangiwa kule alipomaliza chuo, kabla hatujaoana. Tukasema aende, achukue ajira, kwani ajira siku hizi ni bahati. Akishakaa kidogo ataomba uhamisho amfuate mwenza. Nyie! Mwalimu wa historia anaweza kuomba kumfuata mwenza akapata. Wa sayansi hakuna anayekubali kumwachia. Yeye alifundisha kemia na baiolojia kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na fizikia pia akiombwa vizuri. Kila alipokwenda kwa afisa elimu wa mkoa alipewa kiti, soda na jibu lilelile: "Mwalimu, tunakuelewa kabisa. Siku atakayopatikana mbadala wa sayansi, siku hiyohiyo unaondoka." Akanywa soda nyingi sana mke wangu.

Tukajaribu na njia nyingine ya walimu, ile ya kutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Kuna makundi ya simu kwa kazi hiyo: mtu yuko kijijini anataka mjini, mwingine yuko mjini anataka karibu na kwao, wakikutana wanabadilishana. Alijitokeza kijana mmoja wa kemia, akavuka kwenda kukitazama kisiwa. Mke wangu alimkaangia sato, akampikia na ndizi za kwao Bukoba, akamwonyesha nyumba. Jioni wadudu wa ziwani wakainuka juu ya maji kama moshi, wakaja kutua kwenye chai yake. Asubuhi aliaga vizuri kabisa, na namba yake haikupatikana tena.

Mimi si mtu wa subira. Mama yangu alikuwa anasema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Lakini kwa jambo hili nilifundishwa subira kwa lazima, na mwalimu wangu alikuwa ile simu.

Shule nyingi huku kwetu, mtihani wa taifa ukikaribia, huwaweka kidato cha nne kambini. Wanalala shuleni, wanasoma, wanakula maharage mpaka wanayachukia. Sisi wawili tukabuni la kwetu. Jumamosi mchana maabara yangu na maabara yake zilifanya praktikali kwa wakati mmoja, simu zimewekwa spika, yangu nimeiegemeza kwenye bika la kioo, yake ameitundika kwenye msumari dirishani, mahali pekee penye mtandao. Kemikali zilikuwa haba kwake, hivyo mimi ndiye niliyepima chumvi, nikazifunga kwenye vikaratasi, nikampa mama mmoja muuza samaki pale mwaloni, boti zinaposhusha samaki, azivushe. Kikaratasi kiliandikwa herufi tu. Wanafunzi wa pande zote mbili walipewa chumvi ileile wasiyoijua, waipime, waseme ina nini ndani yake.

"Kisiwani wanasemaje?" nilikuwa naita.

"Kisiwani tunaona bluu," walijibu kwa pamoja.

"Hamjaulizwa mnaona nini, mmeulizwa ni chumvi gani!"

"Mwalimu," sauti ya mke wangu iliingia taratibu, "waache waone kwanza." Kisha akawaambia wake, na wangu wakasikia: "Msiandike mnachokijua. Andikeni mnachokiona."

Tuliitana Mwalimu hata tukiwa wawili. Ilianza kama utani, ikabaki. Wanafunzi wangu walimpenda kabla hawajamwona. Akikohoa kwenye simu walisema pole Madamu. Nilikuwa natembea kati ya meza zao na ile sauti ikitembea nami, na kwa saa mbili hivi za Jumamosi nilikuwa na mke.

Sasa siku moja, mwezi wa kumi, nilipatikana. Tangi letu la maji ya mvua lilikuwa limepasuka, wavulana walilipiga mpira mpaka likaachia. Nikamwambia kiongozi wa maabara, jaza ndoo bombani, tuendelee. Chumvi ya siku hiyo nilikuwa nimeipima kwa mkono wangu, naitreti safi. Tukaanza. Wanafunzi wakayeyusha chumvi yao, wakatia asidi, wakatia silva naitreti, ile dawa ya kutafutia kloraidi. Darasa zima likainua mikono. Kloraidi!

"Wote?" nikauliza.

"Wote, mwalimu."

Nikawaka. "Mnasoma kemia au mnapiga ramli? Nani ameanza kuandika kloraidi mkamfuata kama kondoo?" Nikanyakua testi tyubu ya binti wa mbele kabisa, yule asiyekosea, nikaiinua dirishani. Maji yalikuwa meupe, yamechafuka kidogo. Nikachukua nyingine, nyeupe. Nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Labda nimechanganya makopo, labda uzee umeingia. Na mtihani wenyewe ulikuwa karibu, watoto hawa wamebakiza wiki chache tu, na mwalimu wao hajui alichowapa.

Simu ikasema, "Mwalimu, maji umetoa wapi?"

"Bombani."

Halafu nikamsikia anacheka. Alianza peke yake, kisha kisiwa chote kikamfuata, darasa zima la watoto wa wavuvi linanicheka mimi kutoka ng'ambo ya ziwa.

"Mwalimu wangu," akasema alipopata pumzi, "maji ya mjini si yanatiwa dawa ya klorini? Hao watoto wamepima dawa ya maji. Hebu weka maji matupu, bila chumvi yoyote, utie silva naitreti."

Nikaweka maji matupu. Yakageuka meupe palepale. Wanafunzi wangu wakapiga meza kwa shangwe, kwa sababu walikuwa sahihi: waliandika walichokiona. "Sisi huku tunakinga ya mvua," mke wangu akaendelea, "na usikinge yale ya kwanza, yanashuka na vumbi la bati. Acha bati lioge kwanza." Niliona aibu, nikaona na raha, vyote pamoja. Wanafunzi walipotoka nikaitoa simu kwenye spika nikaiweka sikioni, akaniuliza nimekula nini mchana. Nikamwambia michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, na chai. "Wasukuma na michembe yenu," akasema. Nilimtamani kiasi kwamba nilijifanya mtandao umekatika.

Mvua za vuli zilinyesha wiki ile. Tulipanga mabeseni chini ya mabati, na vijana wangu wakaingia kwenye mtihani wakiwa na maji safi na akili iliyotulia. Matokeo yalikuwa mazuri kuliko ya miaka yote niliyowahi kufundisha pale. Mkuu wangu alinipongeza mbele ya wazazi. Nilipiga makofi pamoja na wengine, nikimpigia mtu ambaye hakuwepo.

Likizo nilikuwa navuka. Siku hizi kuna daraja, na watu wanasema ziwa limekuwa dogo, lakini daraja linakufikisha upande wa Sengerema tu. Kutoka hapo kuna barabara ya vumbi, halafu boti ya injini, halafu kutembea. Tuna binti, alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza wakati huo, aliyekuwa anaishi na mama yake. Likizo moja nilifika mchana, mke wangu yuko shuleni na kambi yake. Binti alikuwa mlangoni na dada wa kazi, anapanga mawe. Aliniona, akaja mbio, akapokea mfuko wangu kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba. Karibu. Kaa hapa." Akanivutia kigoda. "Mama yuko shule, anakuja sasa hivi. Ukitaka choo, kiko kule nyuma."

Alinijua vizuri, msidhani hakunijua. Aliniita baba. Alinikaribisha tu kwa adabu zote, jinsi alivyofundishwa kukaribisha wageni. Nikakaa kwenye kile kigoda. Akaniletea maji ya kunywa, akasimama pembeni kusubiri kikombe. Sijawahi kunywa maji machungu namna ile.

Usiku ule nilimweleza mke wangu. Alicheka ile sehemu ya choo, halafu akaacha kucheka. Akaniambia, "Nimechoka kuomba, Mwalimu. Mwaka huu siendi kwa afisa tena. Karatasi zangu ziko kwenye droo yake, zikae humo." Aliyasema huku akikunja nguo za mtoto, bila kunitazama.

Basi nikaamua. Kama hawamwachii aje mjini, mimi nitakwenda kwake. Kwa nini hatukuwahi kuwaza hivyo? Kwa sababu kila mtu anawaza mjini. Tulijenga mipango yetu yote upande wa Nyakato: kiwanja, shule ya mtoto, hospitali. Wazo la kwenda kisiwani lilikuwa halijawahi kuingia kichwani mwa mtu yeyote, na lilipoingia mwangu nilijiona nimegundua elementi mpya.

Ofisini kwetu alikuwepo mwalimu wa jiografia, mtu mzima, aliyehamishwa mara nyingi na kuyajua mambo ya ofisi zote. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Kosa lako ni hilo la mke. Usimtaje mke! Maombi ya ndoa yamejaa madroo, yanasomwa na mende. Andika unaomba kwenda kufundisha sayansi kisiwani, kwa hiari yako, kwa uzalendo. Uone kama hawatakusindikiza na matarumbeta."

Nikaona ana akili. Nikaandika kwa uzalendo, na shule niliyoitaja ni ile ya mke wangu. Mke wangu sikumwambia, nilitaka Januari anione natokea bandarini na godoro kichwani, nimuulize, "Dada, nyumba ya mwalimu wa kemia iko wapi?" Nilikuwa nalicheka hilo swali peke yangu barabarani, watu wananitazama.

Ofisi haikuchelewa. Afisa, yuleyule wa soda, alinipa mkono, akaita wenzake kutoka vyumba vya pili. "Njooni mumwone mwalimu anayeomba kisiwa!" Wakaja, wakanitazama, mmoja akanipiga picha. Nikaondoka pale nimelewa furaha.

Nilikuwa nafunga vitabu kwenye maboksi simu ilipoita.

"Mwalimu! Umekaa au umesimama?"

"Nimeinama."

"Kaa chini. Kaa chini nikwambie!" Alikuwa anahema, nadhani alikimbia mpaka kwenye ule msumari wa dirishani. "Wameniachia! Nimepata uhamisho! Nakuja nyumbani, Mwalimu!"

Sikuelewa. Kweli nilikuwa na furaha kwanza, kwa pumzi moja au mbili, furaha tupu.

"Wamekuachiaje?"

"Mbadala amepatikana! Mwalimu wa kemia anatoka huko mjini, kaomba mwenyewe, kwa hiari yake. Kisiwani! Sijui ni kichaa wa wapi, lakini Mungu amzidishie. Walipoona karatasi yake wakakumbuka yangu kwenye droo, wakatia sahihi siku hiyohiyo, kama walivyokuwa wanasema. Mwalimu? Mbona kimya?"

"Nipo."

"Na bashiri wamenipangia wapi. Hutaamini."

"Nyakato," nikasema. "Kwenye shule yangu."

"Umejuaje?"

Nikatazama maboksi yangu. "Kwa sababu ndiko anakotoka huyo kichaa."

Nilisikia kuku wa jirani yake, na binti yetu akimwita mtu nje. Kisha mke wangu akasema, "Waitu!" kama wanavyosema kwao jambo likizidi, akaanza kucheka. Alicheka sana. Nami nikacheka, nikadhani litapita kwa kicheko, mpaka nikagundua kwamba upande wa pili kicheko kilishakwisha na alikuwa analia.

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa afisa kabla hajafika. Nikamweleza yote, mke, mtoto, kigoda. Alinisikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya. Akaagiza soda. "Mwalimu," akasema, "mbona hukuandika kwamba ni mkeo?" Nikanywa soda. Akafungua karatasi zote mbili akazilaza mezani sambamba. "Tazama mwenyewe. Huyu ameomba aje mjini, amepewa. Wewe umeomba uende kisiwani, umepewa. Nikikurudisha wewe, kisiwani hakuna wa kemia. Nikimwacha yeye kule pamoja nawe, wanafunzi wako wa Nyakato hawana mtu, na mwaka huu wanafanya mtihani. Kituo kimoja walimu wawili wa kemia, kingine hata mmoja? Nitajibu nini nikiulizwa?" Nilitaka kumtukana, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Ningekuwa mzazi wa Nyakato ningemuunga mkono.

Tulimpigia simu mke wangu palepale. Nilidhani atakataa uhamisho, abaki. Akauliza, "Kidato cha nne wako ni wangapi mwaka huu?" Nikamwambia darasa limejaa mpaka dirishani. "Basi siwezi kuwaacha," akasema. "Na mtoto aanze shule huko, kama tulivyopanga. Tutaomba tena."

Tulipewa siku chache za makabidhiano. Nilivuka na maboksi yangu, na mke wangu akanikabidhi maabara yake kama sheria inavyotaka: funguo, chupa, mizani mbovu inayotaka kupigwa ubavuni ndipo isome. Tuliingia humo asubuhi, tukatoka jua likizama, kazi ya saa moja tuliifanya iwe ya siku nzima. Alinionyesha mwanafunzi gani anaogopa moto, yupi haoni ubaoni lakini hasemi. Alisimama upande wangu wa meza. Nilikuwa sijawahi kusimama naye maabara moja, na nilijua sasa jinsi anavyoinua testi tyubu kwenye mwanga, anafumba jicho moja, ulimi kidogo nje. Miaka yote ile kwenye simu sikujua kwamba anatoa ulimi.

Siku ya kuondoka nilibeba godoro lake mpaka kwenye boti. Binti alipanda kwa furaha, anakwenda mjini. Mke wangu alinishika mkono mbele ya watu wote, kitu ambacho hatufanyi, akasema, "Mwalimu, ule vizuri." Boti ikaondoka. Nilirudi kwenye nyumba yake nikakuta mwiko wake, kandambili zake za kuogea, harufu yake kwenye pazia, na mimi katikati yake, mpangaji mpya.

Namtamani mke wangu. Nalisema wazi, nimeshakuwa mtu mzima, sioni haya. Mjini nilimtamani bila kujua anavyoishi. Hapa najua anapoweka chumvi, najua mbao ipi ya kitanda inalia, na kutamani kwa kujua ni kubaya zaidi. Wanafunzi nao wanamtamani. Nikiwaka darasani wananitazama kwa huruma, mmoja aliniambia, "Sir, Madamu hakuwa anapiga kelele, na tulielewa." Nikamwambia hata mimi nilielewa.

Muhula huu tumepata mkuu mpya wa shule, mtu wa Kisesa, mchapakazi, hajui habari za nyuma. Alifurahi sana kukuta shule yake ina mwalimu wa kemia. Wiki iliyopita nimepeleka ofisini kwake maombi yangu ya uhamisho, na safari hii nimemtaja mke kuanzia mstari wa kwanza. Aliyasoma yote, akavua miwani, akanivutia kiti.

"Mwalimu, nakuelewa kabisa," akasema. "Lakini wewe ndiye wa sayansi peke yako hapa. Subiri apatikane mbadala. Hata huyo mama aliyekutangulia, nimeambiwa alikuwa na mume wake huko mjini, na alivumilia."